Msusi anayemtunzia rafiki yake kichwa

Mteja wa kwanza ameshakaa kwenye mkeka, shingo ameilegeza, na msusi hata hajamaliza kumsalimia. Vidole vimetangulia. Vinapita utosini, vinashuka kisogoni, vinasimama nyuma ya sikio la kushoto, na hapo msusi anacheka peke yake.

"Mama yako naye alikuwa na kishimo hapahapa," anamwambia. "Ukikigusa tu, anaruka!"

Msichana anatabasamu. Mama yake, aliyesoma shule moja na msusi, alifariki yeye akiwa mdogo, na hakumbuki mengi. Ndiyo maana anakuja kila mwezi, hata nywele zikiwa bado nzuri.

Saluni yenyewe ni chumba kilichobanwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Mtu mrefu akiingia, lazima ainame. Kuna kioo kimoja, kigoda, mkeka na rafu ya makopo ya mafuta ya nywele. Siku nzuri anapata vichwa vinne. Siku mbaya anapiga soga na jirani yake muuza viatu mpaka jioni. Kazi hii imemsomeshea watoto wawili, na imemwachia mgongo unaolalamika kila anapoinuka.

"Pesa ni ya kuokoteza, lakini sijalala njaa," anasema. "Tena umbeya wote wa mtaa naupata bure." Kisha anamkagua mwandishi wa makala haya kichwani. "Na wewe, aliyekusuka mlikuwa mmegombana?"

Ila kinachowashangaza wateja wapya ni kichwa chake mwenyewe. Mwaka mzima kimefungwa kilemba. Wanamtania kwamba kinyozi hajinyoi. Anacheka nao, halafu anageuza mazungumzo.

Habari ya kilemba inaanzia shule ya sekondari ya bweni, ya wasichana. Jumapili mchana, nguo zikishaanikwa, wasichana walikaa kwenye ngazi za bweni, kila mmoja kati ya magoti ya mwenzake wa ngazi ya juu. Ukimsuka wa mbele yako, wa nyuma anakusuka wewe. Wakaiita treni.

"Wa mbele kabisa mikono yake haina kazi, kwa hiyo ndiye anayesimulia hadithi," anaeleza. "Wa nyuma kabisa anasuka tu, yeye hana wa kumsuka. Mimi nilikuwa mkia kila Jumapili, kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwepesi."

Treni ikivunjika, wenzake walikimbilia kioo, naye akabaki na nywele zake timtim. Mmoja tu hakukimbia. Huyo walilala naye kitanda kimoja cha ghorofa, wakaitana Wa Juu na Wa Chini, na mpaka leo, watu wazima na miwani yao, ndivyo wanavyoitana. Wa Juu alipanda ngazi, akakaa nyuma ya rafiki yake, akamsuka polepole mpaka kengele ya chakula.

"Wala hakuwa fundi. Mistari yake ilikuwa kama njia ya mbuzi," anasema msusi. "Nilitembea nayo kifua mbele."

Wenzake wote anawakumbuka kwa vichwa. Sura hubadilika, anasema, unaweza kumpita mtu barabarani, lakini kichwa hakidanganyi. Kuna Kamusi, bingwa wa maneno magumu, ambaye sasa ni dereva wa lori la masafa marefu na anatukana kwa ufasaha uleule. Bi Harusi alipanga harusi yake tangu kidato cha kwanza, na hakuolewa. Anafuga kuku, ana furaha zake, na anasema waume wa wenzake kuwatazama tu kumemtosha. Kengele, mwenye sauti ya kuamsha bweni zima, ni mkunga.

Kila Desemba hukutana hapa na kupanga treni kwenye ngazi za jengo. Wapangaji wa juu hupita wakiomba njia, maana mabibi wamenenepa.

Desemba iliyopita Wa Juu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, hakuja. Alikuwa amepata saratani. Dawa zilimponya, lakini ziliondoka na nywele zote na kumwachia ganzi ya vidole. Akajifungia ndani. Wenzake walipiga simu, hakupokea. Walienda kwake, mlango ukafunguliwa nusu.

Msusi naye hajakaa mbele ya mtu mwingine tangu siku hiyo. "Nikisukwa na mkono mwingine, ni kama nimeshamzika," anasema. "Mimi sijamzika. Yupo. Namtaka hapa."

Anaifuta pua yake kwa kiganja na kuendelea na kichwa cha msichana. Hakijafika nusu, mlango unaingia giza. Mwanamke mwembamba mwenye mtandio amesimama hapo.

"Ulisema nije uone zimefika wapi," anasema.

"Jamani, Wa Juu! Mwezi mzima nakubembeleza!"

Mtandio unatoka. Msusi anajaribu kukamata nywele kwa dole gumba na kidole cha shahada. Zinateleza.

"Hazishikiki bado."

"Si nilikwambia? Desemba msinihesabu. Nitakaa wapi kwenye treni na kichwa hiki?"

"Mkiani."

"Mkia ni wako."

"Nimestaafu. Anayekaa mkiani hahitaji nywele, we mwanamke. Anahitaji mikono."

"Mikono yenyewe ina ganzi, Wa Chini. Hata chanuo silisikii."

"Zamani ulilisikia lini? Mistari ilipinda hivyohivyo."

Wa Juu anacheka. Kicheko kinageuka kilio, na msusi anamwacha alie. Kisha anakifungua kilemba chake. Nywele ni timtim, na mvi zimo za kutosha.

Wanatoka nje na kukaa kwenye ngazi, kwa kuwa chumbani hapatoshi. Wa Juu anakaa juu, msusi katikati ya magoti yake, msichana chini, nusu ya kichwa bado haijasukwa. Mstari wa kwanza wa Wa Juu unachukua muda mrefu, na unapinda. Muuza viatu anatoka kutazama, anaanza kusema kitu, anatazamwa, anarudi dukani kwake.

"Haya, wa mbele ndiye msimulizi," Wa Juu anamkumbusha msichana. "Tunakusikiliza."

"Mimi sina hadithi, mama."

"Basi uliza."

Msichana anafikiri kidogo. "Mama alikuwa anakaa wapi kwenye treni?"

Mikono yote inasimama.

"Hapohapo ulipokaa," anajibu Wa Juu. "Desemba uje mapema, asije mtu akakaa."