Picha Bubu Siku ya Mnada

Mwenye kibanda cha video pale Katesh alishaniambia, tena zaidi ya mara moja, kwamba msichana hatafsiri picha. "Watu watakucheka, dada." Mimi nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nakisoma, matokeo bado, nakaa tu nyumbani. Kile kiti cha mtafsiri kando ya televisheni nilikitaka, basi.

Siku hiyo ya mnada mtafsiri wake alikuwa ameenda Haydom kumwangalia mgonjwa. Jamaa mwenyewe akaweka kanda ya mapenzi, picha ya zamani sana. Watu wanafungua midomo, sauti hakuna, halafu yanakuja maandishi ya Kiingereza. Akaipigapiga deki.

"Imeharibika hii."

"Haijaharibika. Ni picha bubu, zamani walitengeneza hivyo."

Sikungoja ruhusa. Nikasimama, nikaanza kuwasomea watu. Kijana yuko mlangoni anambembeleza mchumba wake, msichana kamgeuzia mgongo. Maandishi yanasema tu, "Sema neno." Msichana kimya. Nikakwama. Kwa nini hasemi?

Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa wafugaji, tulishaamkiana wakati naingia. Akasema, "Si anangoja ng'ombe wake."

Kwao bibi harusi akifika kwa mume anagoma mlangoni. Haingii, hasemi, mpaka wakwe wamwahidi ng'ombe, awe mali yake mwenyewe.

Nikakaza sauti ya kiume. "Mpenzi, nakupa mtamba."

"Mtamba, hata hajazaa?" bibi akasema. "Mwambie aongeze huyo."

"Nakupa ng'ombe wa maziwa na ndama wake."

Msichana kwenye picha akageuka, akacheka. Kibanda kizima kikacheka, na hawakunicheka mimi.

Picha ilipoisha tukatoka nje ili waingie wengine. Jamaa akaniambia, "Umejitahidi. Mtafsiri akirudi utakaa benchi kama kawaida. Sasa ingia utusomee nyingine."

Nikasimama katikati ya mlango, nikampa mgongo. Watu nyuma yangu wanataka kuingia.

"Pita basi, dada."

Kimya.

"We dada, unazuia watu."

Kimya. Bibi akamwambia, "Mwahidi. Huyu haingii bure."

Akawatazama wateja wake, akanitazama mimi. "Haya. Kila mnada kiti ni chako. Nimesema mbele ya watu."

Nikaingia, nikakivuta kile kiti, nikakaa.