Mshenga Aliyetumwa Kusema Nakupenda

Sitaki tena kumchagulia mtu riwaya ya mapenzi. Nimechoka. Saluni yangu ya hapa Musoma ina rafu moja ya vitabu, na kila anayekuja kusuka ananiambia, "Dada, nichagulie kitamu." Namchagulia. Anakirudisha kanuna. Mmoja hakutaka kulizwa, mwingine kaanza na ukurasa wa mwisho halafu analalamika kwamba hakuna jipya. Mteja mmoja wa Suguti aliniuliza mahari ya bibi harusi ilikwenda wapi, maana kasoma kitabu kizima hajaona hata ndama. Hao nawavumilia. Aliyenimaliza ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Alikuwa anafundisha Bunda, kaposwa na kijana mpole wa Kisorya, fundi wa injini za boti. Ng'ombe wa mahari walishakubaliwa, bado kuswagwa tu hadi nyumbani kwetu Butiama. Nikampa riwaya mpya apumzishe akili. Kumbe najitafutia balaa. Alipofika pale mwanamume anapomshika msichana mkono na kumwambia waziwazi kwamba anampenda, akafunga kitabu. Wa kwake hajawahi kumwambia hivyo. Akampigia simu: ng'ombe wasitoke zizini mpaka aseme.

Kijana akafanya kile ambacho kijana aliyelelewa vizuri kwetu hufanya akiwa na neno zito la kupeleka ukweni. Akamtuma mshenga.

Mshenga akafika Butiama na koti lake zito, jua linawaka. Akaketi, akakohoa, akamwambia shangazi yetu, ambaye ndiye aliyetulea, "Kijana anasema anampenda."

"Tumesikia, tumepokea," shangazi akajibu.

Wakanywa chai. Kwao lilikuwa limekwisha.

Mdogo wangu aliposimuliwa alilia, akasema haolewi. Hakuwa anadeka. Aliogopa kwamba wazee wawili ndio wanaooana, yeye na yule kijana wanasindikiza tu. Nani akaitwa kujibu mashtaka? Mimi, mwenye rafu.

"Wewe ndo umemharibu huyu mtoto," shangazi alinipokea hata mkoba sijautua. "Vitabu gani hivyo mnasomaga? Sisi nani alituambiaga hayo, na si tuliolewa?"

Nikamwambia mimi ninasuka nywele, situmi washenga. Hasira zilinipanda hadi nikashindwa kula.

Jumamosi mdogo wangu alikuja kutoka Bunda, kitabu mkononi, na kijana naye akaja mwenyewe. Mshenga alikuwa nyuma yake akimvuta shati na kumnong'oneza kwamba ukweni watu hawasemi hivyo. Shati likachomoka kwenye suruali, kijana akaliacha vivyo hivyo. Akasimama uani, akaangalia viatu vyake, kisha akamwangalia mdogo wangu. Akasema kwa lugha ya nyumbani, sentensi moja fupi, kwamba anampenda. Sikuwahi kumsikia mwanamume akiitamka kwa lugha ile mbele za watu. Mshenga akageuka akawa anakagua mihogo yetu iliyoanikwa.

Mdogo wangu akafuta macho kwa kiganja. "Haya," alisema, "ng'ombe waje."

Wote wakacheka, wakaanza kuulizana habari za harusi. Mimi hakuna aliyeniomba radhi. Nikaingia ndani kupanga nguo zangu nirudi Musoma, nimevimba. Shangazi akanifuata. Nikajua kuna maneno yamebaki, nikakaa tayari kujibu.

Akaketi kitandani, akanipakatisha kile kitabu. Kusoma hajui.

"Marehemu alikuwa mtu mwema," alisema, akimtaja mumewe. "Alinijengea nyumba, alinilimiaga shamba nikiumwa. Ila hilo hakuniambiaga." Alinyoosha khanga yake magotini. "Nisomee pale anapomwambia."

Nikapatafuta, nikasoma. Nilipofika mwisho wa ukurasa nikamtazama, nikasubiri aseme kwamba ni upuuzi.

"Rudia," alisema.