Nilivyomfundisha msanii wimbo wake

Mimi ni bodaboda wa Busia, na mdomo wangu hauna breki. Juzi nilimbeba dada mmoja kwenda Tororo, nikampa helmeti yangu ya njano. Njiani akawa anaimba ule wimbo unaopigwa kila kibanda hapa mpakani.

"Dada, unauharibu," nikamwambia. "Kwenye kiitikio mwenyewe huvuta sauti."

Nikamwimbia mpaka tunaingia Tororo.

"Asante, mwalimu," akasema.

Jioni nikaenda kwenye shoo ya huyo mwimbaji, niliyemjua kwa redio tu. Alipofika kwenye kiitikio akanyamaza, uwanja mzima kimya.

"Hapa mwalimu wangu wa boda alisema nivute."

Akavuta, watu wakapagawa. Nikavaa helmeti haraka, nijifiche.

"Ndiye yule," akasema, "mwenye helmeti ya njano."