Kipande Mfukoni mwa Fundi

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, pale Haifa, hula akiikinga sahani kwa mkono, na hakumbuki kufunga kifungo cha koti lake mwenyewe. Asubuhi ya kuingia Pasaka, siku ambayo Myahudi habaki na mkate, majirani waliwasha moto uani wachome mabaki. Frumet, jirani yake, akampapasa mfukoni kutafuta makombo, akacheka. "Mzee wangu, mkate leo? Huoni haya?"

Akatoa kipande kikavu kama jiwe. Fundi akainama.

"Naona, mwanangu. Si changu, ni cha mdogo wangu. Kambini kwa Wajerumani nilimwibia chake usiku. Asubuhi hakuamka."

Uso ukamshuka Frumet. Akakirudisha kipande mfukoni, akafunga kifungo.

"Vipi, ana kitu?" wakauliza waliozunguka moto.

"Hana," akajibu, bila kuinua macho.