Dole Gumba la Mama

Fundi anayejengea kaburi la mama amemwagia udongo maji, na harufu yake imenirudisha kijijini kwetu Guta, siku tuliyoanua matanga ya baba.

Watu walikaa uani. Baba mdogo alisimama, akasoma wosia wa marehemu kaka yake: ng'ombe kwa kaka zangu, nyumba kwake yeye. Wazee wakaitikia. Hata sisi watoto tuliiita nyumba ya baba.

Mama aliinuka mkekani, akachukua panga, akabandua lipu ya udongo kando ya mlango. Matofali yakaonekana, kila moja na shimo dogo la kidole.

"Shemeji, kaka yako alikuwaga ziwani, mimi nafyatua. Kiwanja nilipewa na mama yangu. Tanuri tulichoma pamoja na wenzangu, ndiyo maana kila tofali nilitia dole gumba langu, yasichanganyike. Ng'ombe gaweni, ni wake. Nyumba hakuwa nayo ya kugawa."

"Unambishia marehemu?"

"Simbishii. Alisahau tu. Haya, weka dole lako hapo."

Akaweka. Halikuingia.

"Hilo la kushikia kasia, baba!" alisema mwanamke mmoja aliyechoma naye tanuri, na uani pote wakacheka. Baba mdogo naye akacheka kidogo, akaukunja wosia.

Watu walipoondoka nilitia dole langu. Lilipwaya.

Sehemu ile mama hakuikandika tena. Kila mgeni alionyeshwa ukuta kwanza, ndipo akapewa kiti.