Safari ya Yangambi

Ungechagua nini: ndugu yako aitwe msaliti na apigwe risasi, au aitwe mgonjwa wa akili na aishi?

Usijibu haraka. Swali hilo ni jepesi kwa aliyeketi kitini pake. Abdulhamid, fundi wa nguo wa Kisangani, mtu wa swala tano, aliulizwa mlangoni kwake mchana kweupe, na mdogo wake Alfani alikuwa nyuma ya ukuta akisikiliza jibu.

Ndugu hao wawili walikuwa wakishona pamoja tangu ujanani, kwenye meza ya kukatia waliyoachiwa na baba yao, ubao mmoja mrefu usio na kiungo. Mkubwa alikata upande wa dirisha, mdogo upande wa mlango.

Ugonjwa ulimjia Alfani mwaka wa Indépendance, mwaka wa uhuru, na mwanzoni hakuna aliyeutambua. Nani angeutambua? Juni ile mji mzima haukuwa na usingizi. Watu waliimba barabarani, na Alfani alishona bendera bila kupumzika, akazigawa bure, akawahutubia wapita njia juu ya Kongo mpya. Walimpigia makofi. Tofauti ilikuwa moja tu: mji ulichoka ukalala, yeye hakulala. Aliendelea kupanda kama mto wakati wa mvua, hata maneno yakawa yanaukimbia ulimi wake. Kisha maji yakakauka ghafla. Akalala chumba cha nyuma, uso ukutani, asile, asinyoe, akimwambia mkewe Zaina kwamba hata kuvuta pumzi ni kazi.

Zaina alimpeleka hospitali, shemeji yake akifuata nyuma. Muuguzi mmoja, Timothée, aliwaeleza bila kuona haya: ugonjwa huu una jina, unapanda na kushuka, si laana wala si jini, na mwenye nao anaweza kufanya kazi, kulea watoto na kuzeeka. Alfani aliyashika maneno hayo kama anayevuka mto ashikavyo ukingo wa mtumbwi. Abdulhamid aliyasikiliza akitazama mlango.

"Bon," alisema walipofika nyumbani. "Jina ile isitoke hapa. Mutu akiuliza, tunasema Alfani iko Yangambi, anashonea watu ya kule."

Ndivyo safari ya Yangambi, mji wa mbali kandokando ya mto, ilivyozaliwa. Kila maji yalipokauka, Alfani "alisafiri", naye yuko hatua chache tu kutoka kwenye cherehani yake, dirisha limefungwa, akikohoa ndani ya blanketi ili wateja wasimsikie. Majirani walijua nusu na kucheka nusu.

"Mama Zaina, bwana yako anapenda Yangambi kuliko weye!"

"Na hata samaki moja harudishi!"

Alfani alivumilia, kwa kuwa aliamini. "Yaya ananifunika," alimwambia mkewe; ndivyo alivyomwita kaka yake.

"Anakufunika weye, ao anajifunika yeye?" Zaina alijibu, wala hakungoja jibu.

Mwaka wa sitini na nne, mwezi wa nane, waasi wakauteka mji. Walijiita Simba, walivaa majani kichwani, wakasema wameleta Indépendance ya pili. Wakati huo Alfani alikuwa amepanda juu kabisa. Alikwenda mwenyewe kwa komanda mmoja, akamwahidi makoti ya kikosi kizima, akarudi na majora ya kaki begani. Alikata mchana, alikata usiku. Abdulhamid aliketi kando yake akiwaonyesha wageni kwa kidole: "Mudogo yangu huyu. Mikono yake ni zawadi ya Mungu."

Hapo ndipo penye uongo wa watu wengi. Ugonjwa uliposhona makoti uliitwa zawadi. Ulipolala kitandani uliitwa Yangambi.

Kisha maji yakakauka tena. Kaki ililala mezani, makoti bila mikono. Na mwezi huohuo watu wa Lubunga walikuwa wamevuka mto kuja kumposa Hadidja, binti wa Abdulhamid. Nyumba ilipakwa chokaa upya. Alfani akatakiwa asikohoe kabisa, posa isije ikavunjika.

Komanda akaja na vijana wake baada ya adhuhuri.

"Fundi iko wapi?"

"Amesafiri, komanda," alisema Abdulhamid. Ulimi ulikuwa umezoea. "Iko Yangambi."

Nyuma ya ukuta, Alfani alifumbua macho. Aliyasikia yale maneno ya kila siku yakiingia mahali pabaya.

"Yangambi? Na njia imefungwa? Nani alimupa laissez-passer, karatasi ya njia?"

Abdulhamid alijipangusa chaki mikononi.

"Donc anavuka bila karatasi, kazi yetu ameitupa. Ameenda kuambia adui tuko wangapi. Mutu kama huyo tunamujua. Ni msaliti."

Sasa, yaya, Alfani aliwaza. Sema sasa. Ni neno moja tu.

"Mimi sijui mambo yake," alisema Abdulhamid. "Kama ameenda kwa adui, mimi si pamoja naye."

Zaina alikuwa uani akipepeta mchele. Aliutupa ungo, akapita katikati ya bunduki na kuusukuma mlango wa chumba cha nyuma. "Hakuna safari! Bwana yangu iko hapa. Ni mugonjwa. Akili yake inapanda, inashuka. Shemeji, waambie!"

Komanda alichungulia gizani, akamwona mtu mwenye ndevu chafu aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Akamgeukia Abdulhamid.

"Weye ndugu yake. Ni mugonjwa, ao anajificha? Sema. Kama anajificha, tunatoka naye sasa."

Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua. Abdulhamid aliwatazama wao kwanza. Kisha akainamisha kichwa.

"Katika ukoo yetu wazimu haiko," alisema.

Alfani alisimama. Miguu iliyokuwa imekataa kumpeleka hata msalani ilimfikisha mlangoni, kwenye mwanga, mbele ya watu wote.

"Komanda, mimi ni mugonjwa," alisema polepole. "Tangu Indépendance. Hospitali wanajua. Yangambi sijafika hata siku moja katika maisha yangu."

Hakuna aliyecheka. Vijana wa Simba walirudi nyuma. Dawa waliyoamini inawakinga na risasi ilikuwa na miiko mingi, na kumgusa mwenye wazimu kwao ulikuwa mwiko mmojawapo. Komanda alimtazama Alfani, akamtazama Abdulhamid kwa muda mrefu zaidi, akatema mate chini.

"Beba kaki," aliwaambia vijana wake. Wakaondoka.

Jioni ile Abdulhamid alimwambia Zaina neno moja tu: "Watu ya Lubunga watasikia."

Asubuhi yake Alfani aliamshwa na sauti ya msumeno. Akatoka akijishika ukutani. Abdulhamid, futi ya kitambaa shingoni, alikuwa amekwisha kuipima meza ya baba yao na kuchora mstari wa chaki katikati kabisa. Alikuwa anakata.

"Yaya," Alfani alisema.

Msumeno haukusita. Ubao ulipokatika, vijana wawili wa jirani waliinua nusu ya upande wa dirisha, wakatoka nayo mlangoni, na Abdulhamid akawafuata bila kugeuka. Nusu ya Alfani, iliyobaki na miguu miwili, iliinama taratibu, ikaanguka.