Ndagala za Minu

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, zikichemka bila chumvi hunirudisha uani kwa Bibi, mtaa wa Jabe, Bujumbura, msimu mmoja wa mvua katika miaka ya vita. Nilikuwa na miaka tisa. Ndagala zile hazikuwa zetu. Zilikuwa za Minu, paka wa baba mdogo Idi, aliyetoka asubuhi moja kwenda kazini asirudi. Bibi alishikilia kwamba Idi akirudi lazima amkute paka wake hai, nasi tulimwacha aamini hivyo. Minu alipoanza kukonda huku akila sana na kumaliza maji bakulini, Bibi alikosa raha. Kisha akaona sisimizi wamejaa pale paka alipokojoa. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa sukari, akaelewa. Jirani yetu, daktari wa mifugo aliyezoea ng'ombe, alikubaliana naye. "Sindano haiko, hata ya batu ni shida kupata," alisema. "Umupe samaki na nyama tu, mama, kidogo asubuhi, kidogo jioni. Wali, bwari, mukate, apana."

Shida ilikuwa hii. Uani kwetu aliishi Mama Odette na watoto wake watatu, waliokimbia mapigano mtaani kwao, Buterere. Bibi aliwapa chumba, na sote tulikula bwari, ugali wa muhogo, kwa maharage. Angewaambiaje kwamba paka anakula samaki? Basi nilitumwa nimlishe Minu chumbani, mlango umefungwa, bakuli nimelificha chini ya kitenge. Nilijiona mjanja sana. Wiki ya kwanza alipata nafuu, akaanza tena kujilamba manyoya. Wiki ya tatu miguu yake ya nyuma ililegea. Bibi alinishuku mimi, akanigombeza hadi nikalia, maana sikuwa nimempa kitu kingine chochote.

Mama Odette alisikia, akaja mlangoni. "Usimugombeze mutoto, mama. Ni siye. Ile ndagala tulizani ni yako, juu ya ugonjwa. Tukaona paka hapewe kitu, tukazani chakula haitoshi juu yetu. Batoto bangu banamukatia bwari yabo, kila mutu tonge moja."

Bibi alikaa chini kwenye saruji, akamweleza yote. Mama Odette alimsikiliza hadi mwisho. "Mungesema tu, mama," akasema taratibu. "Bale batoto bangeshiba."

Minu alikufa siku nne baadaye. Baba mdogo Idi hakurudi, na Bibi hakusema tena kwamba anamsubiri.

Leo ninafuga paka mwenye ugonjwa uleule, hapahapa Bujumbura. Daktari yupo, sindano zipo, na samaki nawafuata Kajaga, kando ya ziwa, bila kuogopa njia. Kila mgeni anayeingia kwangu namwambia paka anakula nini na hapewi nini; wengine hunicheka, nami nawaacha wacheke. Nimeshiba miaka mingi tangu vita viishe. Sina hakika kama, ningekuwa na njaa ya watoto wale, ningempa paka wa mtu mwingine tonge langu.